Hodi kwanza, senario kisha: adabu ya kijana anayetafuta ajenti wa filamu

Mtoto wa mashariki mwa Kongo haingii katika lupango la jirani bila hodi. Anasimama mlangoni, anapaza sauti, anangoja. Hakuna jibu, anarudia mara moja. Bado kimya, anarudi kwao, na kesho hasemi kwamba jirani anamchukia. Hakuna shule iliyomfundisha jambo hilo. Alilipata kwa mama yake.

Lakini mtoto huyo huyo, akiwa sasa kijana wa miaka 24 mwenye simu mkononi na senario ya kurasa 130 aliyoiandika kwa miaka miwili, anasahau kila kitu. Kwa usiku mmoja anatuma faili lake kwa ajansi hamsini za Los Angeles, Paris na Brussels. Hakuna jina la anayeandikiwa, hakuna salamu, kuna neno moja tu: "Filamu hii itawapatia mamilioni." Juma la tatu likipita bila jibu, anaanza kusema kwamba wageni hawapendi hadithi za Wakongo. Mwezi wa tatu, mtu asiyemjua anamwandikia kwamba "ajansi yetu imeipenda kazi yako", na kwamba zinahitajika dola 150 za kufungua dosiye, zitumwe kwa simu. Hapo kijana anajibu kwa haraka.

Makosa hayo mawili yanatoka katika shina moja. Asiyejua namna ya kupiga hodi kwenye mlango wa kweli hawezi kuutambua mlango wa uongo. Ndiyo maana adabu ya kumwendea ajenti si jambo la urembo wala la kujipendekeza kwa wakubwa. Ni kinga ya mfuko wa kijana, na ni kinga ya kazi yake.

Ajenti ni nani, na anakula wapi?

Ajenti wa waandishi ni mtu anayetafutia mwandishi kazi na kujadili bei ya senario yake na wenye studio au watayarishaji. Huko Marekani kazi hiyo ni ya zamani. William Morris alifungua ajansi yake mwaka 1898, na leo jina hilo linaishi ndani ya WME. CAA ilianzishwa mwaka 1975 na maajenti watano waliotoka kwa William Morris. UTA ilizaliwa mwaka 1991. Nyumba hizo tatu ndizo zinazotajwa zaidi, lakini pembeni yao kuna ajansi nyingi ndogo, na mara nyingi ndogo ndizo zinazomtazama mwandishi mpya.

Jambo la kwanza la kushika kichwani ni hili: ajenti wa kweli anakula baada ya mwandishi kula. Desturi ya kazi hiyo Marekani ni asilimia 10 ya kile mwandishi analipwa. Senario ikiuzwa dola 50,000, ajenti anachukua 5,000. Isipouzwa, anachukua sufuri. Katika jimbo la California, ajansi ya namna hiyo ni lazima iwe na leseni ya serikali na iweke dhamana ya dola 50,000, na sheria inaikataza kumtoza mtu feza za kujiandikisha. Kwa hiyo anayeomba dola 150, au 50, au hata 10 kabla ya kazi kuanza, amejitambulisha mwenyewe. Hakuna haja ya kumuuliza swali la pili.

Kuna pia mameneja. Hao hawahitaji leseni hiyo. Wanamshauri mwandishi, wanasoma kazi yake na kumsaidia kuirekebisha, lakini sheria ya California haiwaruhusu kumtafutia kazi kama ajenti anavyofanya. Meneja mara nyingi ana subira zaidi kwa mtu asiyejulikana. Kijana anayefahamu tofauti hiyo hatamwandikia meneja kama ajenti, wala ajenti kama mwalimu wa kumsahihishia senario.

Sababu ya mlango kufungwa

Vijana wengi wanakasirika wanaposikia kwamba ajansi hazifungui senario ambazo hazikuziomba. Wanaona ni kiburi. Ukweli ni kwamba wanaogopa mahakama, na woga huo una historia.

Mwaka 1949, mtu mmoja kwa jina Victor Desny alipiga simu kwenye biro ya mwongozaji Billy Wilder huko Hollywood. Alikuwa na hadithi juu ya Floyd Collins, mtu aliyenaswa ndani ya pango huko Kentucky mwaka 1925 na kufia humo wakati inchi nzima ikifuata habari zake. Sekretere alimwambia andiko ni refu mno. Desny akalifupisha, akalisoma kwenye simu, sekretere akaliandika. Mwaka 1951 Wilder akatoa filamu, Ace in the Hole, juu ya mtu aliyenaswa chini ya ardhi na mwandishi wa habari anayemtumia kwa faida yake. Desny alishitaki. Mwaka 1956 Mahakama Kuu ya California ikaamua kwamba kesi yake inaweza kuendelea, maana mtu anayetoa wazo kwa sharti la kulipwa, na mwingine akalipokea huku akijua sharti hilo, anaweza kudai haki yake hata bila mkataba ulioandikwa.

Miaka mingi baadaye ikaja kesi nyingine iliyovuma zaidi. Mwandishi Art Buchwald alikuwa ameipatia kampuni ya Paramount hadithi fupi juu ya mfalme wa Afrika anayefika Marekani. Mwaka 1988 Paramount ikatoa Coming to America, filamu ya Eddie Murphy ambayo watu wengi hapa kwetu wameiona. Buchwald na mtayarishaji mwenzake walienda mahakamani, na mwaka 1990 hakimu akawapa haki. Mwaka 1992 waliamriwa kulipwa jumla ya dola 900,000.

Tangu siku hizo, kila ajansi inajua kwamba kufungua faili la mtu isiyemjua ni kujitafutia kesi. Kesho mteja wake mwingine akitoa filamu inayofanana, mtu huyo atasema ameibiwa. Ndiyo sababu barua pepe yenye senario ndani inafutwa bila kusomwa. Hakuna aliyemdharau mwandishi. Ameingia tu bila hodi katika nyumba iliyowahi kushitakiwa na wageni.

Hodi yenyewe inasemwaje?

Hodi ya mwandishi ni barua fupi. Haizidi ukurasa mmoja, na nusu ukurasa ni bora zaidi. Inaandikwa kwa mtu mmoja, kwa jina lake lililoandikwa sawasawa, si kwa "Bwana au Bibi muhusika". Kabla ya kuiandika, kijana anatafuta ajenti huyo anasimamia waandishi gani na filamu za aina gani. Chama cha waandishi wa Marekani, WGA, kinatangaza orodha ya ajansi zilizokubaliana nacho, na kuisoma ni bure. Anayeandika hadithi ya familia za wavuvi wa Tanganyika hana sababu ya kumwandikia ajenti anayeshughulikia filamu za kutisha tu.

Ndani ya barua kuna mambo manne. La kwanza ni sababu ya kumchagua mtu huyo, kwa sentensi moja ya kweli. La pili ni hadithi kwa sentensi moja au mbili: nani, anataka nini, nini kinamzuia. Kwa mfano: mama muuza samaki wa Uvira anagundua kwamba mtumbwi alioununua kwa mkopo uliibiwa kwa mjane aliye rafiki yake, na sasa ni lazima achague kati ya deni na urafiki. Msomaji ameelewa, na anataka kujua kilichofuata. La tatu ni mwandishi ni nani: ametoka wapi, amefanya nini, filamu yake fupi ilionyeshwa katika tamasha gani. Kama hajafanya kitu bado, aseme kwa ufupi alipojifunza na asiongeze. Uongo mdogo unakamatwa haraka, kwa sababu watu wa kazi hiyo wanaulizana. La nne ni ombi: je, anaruhusiwa kutuma senario? Kisha shukrani na jina.

Senario haiambatanishwi. Picha za waigizaji wakubwa haziambatanishwi, wala orodha ya nyota ambao mwandishi anawataka, wala hesabu ya faida. Na hakuna haja ya kuomba huruma. Kuna vijana wanaofungua barua kwa vita, kambi, baba aliyeuawa, nyumba iliyochomwa. Mambo hayo ni ya kweli na ni mazito, lakini nguvu yake iwe ndani ya hadithi yenyewe. Ajenti akiombwa kusaidia maskini atampa pole mwandishi. Akionyeshwa kazi nzuri atamwomba senario.

Jibu la "ndiyo, tuma" likifika, kazi iwe tayari siku hiyo hiyo. Iwe katika lugha ambayo ajenti huyo anaisoma, ikiwa imesahihishwa na mtu anayeijua lugha hiyo vizuri. Ukurasa mmoja wa senario ni karibu dakika moja ya filamu, kwa hiyo filamu ndefu inakaa kati ya kurasa 90 na 120. Yule mwenye kurasa 130 akate kwanza. Wakati mwingine ajansi itatuma karatasi ya kutia sahihi kabla ya kusoma, ya kujikinga na kesi kama ya Desny. Karatasi hiyo isomwe pole pole, na ikiwezekana ionyeshwe avoka, kwa sababu anayetia sahihi anaacha baadhi ya haki zake.

Anayepokea simu leo

Kuna kosa jingine ambalo Wakongo wangepaswa kuliepuka kwa urahisi, kwa kuwa wamelelewa kuheshimu watu. Ni kumdharau msaidizi. Kijana anapata namba ya ajansi, anajibiwa na sekretere, na anasema kwa sauti ya juu kwamba anataka "mkubwa".

Katika nyumba hizo, karibu kila mkubwa alianza chini. David Geffen, Barry Diller na Michael Ovitz, watu waliokuja kuongoza kampuni kubwa za filamu na muziki, wote walianza katika chumba cha kupangia barua cha William Morris. Anayejibu simu leo ndiye anayesoma senario jioni na kumwandikia mkubwa wake maoni. Kesho naye ni ajenti. Jina lake liulizwe, liandikwe, likumbukwe. Mtu akimwita kwa jina katika barua ya pili na kumshukuru, amefanya kazi kubwa kuliko kusifu filamu yake mara kumi.

Kungoja nako kuna adabu yake. Juma sita mpaka nane si muda mrefu kwa watu wanaopokea barua kila saa. Baada ya hapo ujumbe mmoja mfupi wa kukumbusha unatosha. Kimya baada ya huo nacho ni jibu. Kupiga simu kila siku, kumfuata ajenti kwenye Facebook ya familia yake, kuandikia watu watano wa ajansi moja kwa wakati mmoja, ni kubomoa mlango. Na "hapana" ikija, inajibiwa kwa neno moja: asante. Wapo waandishi waliokataliwa kwa senario ya kwanza na kupokelewa kwa ya tatu, na mtu anayekumbukwa kwa asante anasomwa tena. Anayekumbukwa kwa matusi hasomwi.

Kulinda kazi kabla ya kuionyesha

Woga wa kuibiwa ni wa haki, lakini dawa yake si kuficha hadithi. Asiyeionyesha hatapata mnunuzi. Dawa ni kuacha alama. Hapa Kongo, sheria namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa ine 1986 inalinda kazi ya mwandishi, na shirika la SOCODA lina jukumu la kusimamia haki za wasanii. Kongo na Marekani zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, kwa hiyo kazi ya Mkongo inalindwa huko pia tangu inapoandikwa. Kwa wanaotafuta upande wa Ufaransa, shirika la SACD, lenye mizizi katika chama ambacho Beaumarchais alikianzisha mwaka 1777, linapokea andiko na kuliwekea tarehe. WGA inafanya hivyo Marekani. Huduma hizi zina bei yake, na ni halali, kwa sababu zinauza usajili na hazidai kuuza nafasi ya kazi. Hata barua pepe zilizotumwa na kujibiwa zihifadhiwe zote. Ila wazo tupu, lisiloandikwa, ni vigumu kulidai. Anayetaka kulindwa aandike.

Adabu ni ya pande mbili

Wapo watakaosema: mbona adabu hii yote ni ya maskini kwa tajiri? Swali hilo ni la haki. Maajenti nao wana makosa, na waandishi wa Marekani hawakuyafumbia macho. Kwa miaka mingi ajansi kubwa zilikuwa zikilipwa na studio kwa kukusanya mwandishi, mwongozaji na waigizaji katika kifurushi kimoja. Hivyo ajansi ilipata faida hata kama malipo ya mwandishi yalibaki chini. Mwezi wa ine 2019, WGA iliwaambia wanachama wake waachane na maajenti waliokataa kubadilika, na waandishi zaidi ya 7,000 wakafanya hivyo. Ajansi kubwa zikakubali moja baada ya nyingine, ya mwisho mwezi wa pili 2021. Waandishi hao hao wakafanya mgomo wa siku 148 mwaka 2023 juu ya malipo na matumizi ya akili bandia.

Somo ni kwamba heshima haiondoi haki. Waandishi wale walisimama imara kwa sababu walikuwa na chama, walijua sheria, na walijua kazi yao ina bei gani. Kijana wa Bunia au Butembo aliye peke yake, asiye na chama, hana nguvu hiyo. Kwa hiyo adabu yake iende pamoja na elimu: aulize leseni, aulize asilimia, aulize mkataba ni wa miaka mingapi na unavunjwaje. Ajenti mwema hakasirishwi na maswali hayo.

Mlango wa karibu uko wapi?

Ni lazima pia kusema jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Kwa mwandishi mpya wa Goma, Bukavu au Kisangani, ajenti wa Los Angeles mara nyingi si mlango wa kwanza. Ajenti anauza kitu ambacho tayari kina mnunuzi, na mnunuzi huyo anaonekana kwanza kwenye matamasha na kwa watayarishaji. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alijulikana kwa filamu za kweli juu ya watu wa inchi yake, mpaka En route pour le milliard, juu ya wahanga wa vita vya siku sita vya Kisangani, ikachaguliwa rasmi na Cannes mwaka 2020. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipata zawadi huko huko Cannes mwaka 2023 kwa Augure. Kilichowafungulia njia ni kazi iliyokwisha kuonekana.

Kuna mifuko inayosaidia kuandika na kutayarisha: ule wa picha wa Francophonie, Hubert Bals wa Rotterdam, World Cinema Fund wa Berlin. Kuna soko la Durban na tamasha la Ouagadougou. Adabu ni ile ile kote: kusoma masharti, kuheshimu tarehe, kuandika kwa ufupi, kushukuru.

Lakini mzigo huu usibebwe na vijana peke yao. Vyuo vinavyofundisha mawasiliano mashariki mwa inchi vinaweza kuweka saa chache za somo juu ya mikataba na haki za mwandishi. Wenye utamaduni serikalini wanaweza kuwafafanulia wasanii, katika Kiswahili na si katika Kifaransa tu, wapi pa kuandikisha kazi na wapi pa kushitaki mwizi. Waliotangulia, hapa na ng'ambo, wanaweza kuonyesha wadogo zao barua walizoandika wenyewe, pamoja na zile zilizokataliwa. Mdogo mtu akiona kwamba kaka yake alikataliwa mara ishirini, hatauza simu yake ili kumlipa tapeli anayemwahidi "ndiyo" ya siku moja.

Watu wa mashariki wana hadithi ambazo dunia haijazisikia, na wengine tayari wanazisimulia mahali pao bila kuwauliza. Ni aibu hadithi hizo zipotee kwa sababu ya barua mbaya au dola 150 zilizotumwa usiku. Mama alishafundisha la kufanya. Mtu apige hodi, ataje jina lake, aseme kilichomleta, angoje. Na aliye ndani akidai feza kabla ya kusema karibu, mgeni ageuke arudi: hapo hapana mwenye nyumba.